M ya poka haipimi muda

Kwenye meza za poka za viingilio vidogo hapa Kampala, zile ambazo Mganda, Mkenya na Mkongomani wanakaa pamoja na Kiswahili kinakuwa lugha ya meza, kuna sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi mno: “Nina M ya kumi, bado nina mizunguko kumi, ngoja nisubiri karata nzuri.” Anayesema hivyo huwa amepiga hesabu sawasawa. Anakosea pale anapodhani hesabu hiyo imemwambia muda uliobaki.

Maana ya M ni fupi. Chukua chipu zako zote, gawanya kwa gharama ya mzunguko mmoja wa meza, yaani blaindi ndogo na blaindi kubwa (chipu ambazo wachezaji wawili wanalazimika kuziweka kwa zamu kabla ya karata kugawanywa), na ante (chipu za lazima za kila mchezaji) kama zipo. Jibu ndilo M. Ukiwa na chipu 24,000 na blaindi ziko 800 na 1,600, mzunguko mmoja unakula 2,400, basi M yako ni 10. Herufi hiyo imetoka kwenye jina la Paul Magriel, Mmarekani aliyefundisha hisabati na kuwa bingwa wa dunia wa backgammon, mchezo wa ubao na dadu, mwaka 1978. Aliyeieneza kwa wachezaji wa kawaida ni Dan Harrington, bingwa wa shindano kuu la dunia la poka mwaka 1995. Yeye aliigawa kwa rangi: kuanzia 20 kwenda juu ni kijani, 10 hadi 20 ni njano, 6 hadi 10 ni chungwa, na chini ya 6 ni nyekundu.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanalipita haraka. Katika shindano kuu la dunia, ngazi moja ya blaindi, yaani muda ambao blaindi hazipandi, hudumu saa mbili. Mgawaji karata aliyezoea hutoa migao (kila mgao ni mchezo mmoja) kama 25 hadi 30 kwa saa, kwa hiyo meza ya watu tisa inazunguka karibu mara sita kabla blaindi hazijapanda. Pale, mtu mwenye M ya 10 anaweza kusubiri, na hesabu itakaribia kumtendea haki.

Sasa njoo kwenye shindano letu la jioni, ngazi za dakika 20. Dakika 20 ni migao minane hadi kumi. Meza ya watu tisa inazunguka mara moja tu, halafu bei inapanda. Tuseme mpango ni huu: 100 na 200, kisha 200 na 400, 300 na 600, 400 na 800, 600 na 1,200, 800 na 1,600, 1,000 na 2,000, 1,500 na 3,000, 2,000 na 4,000, halafu 3,000 na 6,000. Umeanza na chipu 20,000. M yako ya mwanzo ni 66 na ushee, na watu wanaiona wanashukuru kwamba shindano lina nafasi ya kucheza. Lakini jumlisha gharama za mzunguko mmoja katika kila ngazi: 300, 600, 900, 1,200, 1,800, 2,400, 3,000, 4,500, 6,000. Hiyo ni 20,700. Mtu asiyecheza hata karata moja hamalizi ngazi ya tisa. Mizunguko 66 imegeuka kuwa pungufu ya tisa, na saa tatu hazijatimia.

Yule mwenye M ya 10 kwenye ngazi ya sita naye tumhesabie. Ana 24,000. Anatoa 2,400, kisha 3,000. Anaingia ngazi ya nane akiwa na 18,600, na mzunguko sasa ni 4,500, kwa hiyo M yake ni 4 na kidogo. Amekaa kwa mizunguko miwili tu na tayari yuko kwenye nyekundu. Akiendelea kukaa, anafika ngazi ya kumi na 8,100, wakati mzunguko mmoja unahitaji 9,000. Ile kumi ilikuwa pungufu kidogo ya mitano. Ni kama kuhesabu akiba yako itakulipia miezi kumi ya kodi ya nyumba, wakati mwenye nyumba anapandisha kodi kila mwezi.

Kwa hiyo M inapima chipu zako kwa bei ya sasa hivi, basi. Kasi ya shindano ni kitu kingine: ni jinsi bei hiyo inavyopanda na migao unayopata kabla haijapanda. Kuchanganya vitu hivi viwili kunaumiza zaidi kwenye viingilio vidogo, kwa sababu huko kasi ndiyo kawaida. Na ina sababu zake. Wachezaji ni watu wazima, maana sheria ya Uganda ya mwaka 2016 haimruhusu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na wengi wao kesho wana duka au ofisi. Ukumbi nao unataka mshindi apatikane usiku uleule.

Hasara kubwa ya kusubiri ni kupoteza uwezo wa kumfanya mwenzako atupe karata. Chukua ngazi ya 1,500 na 3,000. Ukiweka zote 18,600, na wengine wote wametupa, mwenye blaindi kubwa anatakiwa kuongeza 15,600 ili apate 23,100. Lazima awe na nafasi ya kushinda ya asilimia 40 hivi, na kwa karata nyingi atashindwa kufuata, yaani kuweka chipu zinazolingana na zako. Ukisubiri hadi ubaki na 6,000, yeye anaongeza 3,000 tu ili apate 10,500. Asilimia 22 inamtosha, na karibu karata mbili zozote zinafika hapo. Ni kweli wachezaji wa viingilio vidogo wanapenda kufuata, na wengine hutumia hilo kama sababu ya kungoja jozi kubwa. Mimi naona ni kinyume: kama watafuata, afadhali wafuate ukiwa na chipu ambazo ukizizidisha mara mbili zitakurudisha mchezoni. Kwenye kasi hii, M ya 10 ni wakati wa kutafuta nafasi ya kuwa wa kwanza kuingia, hasa ukikaa karibu na batani (alama ya anayecheza wa mwisho baada ya blaindi), hata kwa karata ambazo mapema ungezitupa.

Watu wakipungua mezani hali inazidi kuwa kali, kwani mzunguko unakuwa mfupi na blaindi zinakurudia upesi. Wenye meza ya watano huizidisha M kwa tano, kisha wakagawanya kwa kumi. M ya 10 pale ni sawa na 5, na bado hatujaigusa saa.

Basi ndugu yangu, ukiwa na 24,000 pale kwenye 800 na 1,600, sema hivi: “Chipu zangu zinalipa mizunguko kumi kwa bei ya sasa.” Kisha mwulize mgawaji karata ni dakika ngapi zimebaki kabla blaindi hazijapanda, na zinazofuata ni kiasi gani.