Fundi Kaondoka na Hela, Boma Limebaki: Wanayosema Watu na Sheria Inavyosema

Ukipita Isyesye, Nsalaga au Mbalizi, hapa kwetu Mbeya, mwezi wa tatu utayaona: maboma yaliyoishia kwenye lenta, majani yameota sebuleni, nondo zimeshika kutu. Mengine mwenyewe aliishiwa. Mengine hela ilikuwepo, ila iliondoka na fundi. Dada yangu ana boma la namna hiyo Uyole, na nilivyomwona akihangaika, ushauri wa majirani ulimwumiza karibu kama alivyoumizwa na fundi.

Ushauri wa kwanza aliopewa ni huu: "Hamkuandikishana, huna kesi." Si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, mradi watu wazima wamekubaliana kwa hiari juu ya jambo halali. Kazi iliyopo ni kuyathibitisha, na ushahidi upo mwingi kuliko tunavyodhani: meseji za kutuma hela kwa simu, sauti za WhatsApp, risiti za duka la vifaa, daftari la mifuko ya saruji, kibarua aliyepiga zege, jirani aliyekuwa akiwauzia maji. Meseji na sauti hizo zinapokelewa mahakamani tangu ilipotungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Dada alikuwa ameshafuta meseji zake ili simu ipate nafasi. Tulienda kwenye kampuni ya simu, tukaomba taarifa ya miamala, na kila shilingi aliyomtumia yule fundi ikaonekana na tarehe yake.

Ushauri wa pili ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu unatolewa kwa huruma: "Mvua inakuja, tafuta fundi mwingine upesi amalizie." Kwetu mvua huanza Novemba, na ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa udongo haustahimili masika ukiwa wazi. Hofu hiyo naielewa. Lakini fundi wa pili akishapiga plasta, nani atajua wa kwanza aliishia wapi? Saruji iliyopunjwa imefunikwa, nondo nyembamba zimemezwa na zege, na yule fundi wa kwanza atasimama mbele ya hakimu aseme kazi yote hiyo aliifanya yeye.

Kwa hiyo kabla mtu mwingine hajashika mwiko, piga picha kila chumba, ndani na nje, futi ya kupimia ikionekana. Hesabu kozi za tofali, yaani mistari yake. Hesabu mifuko, mabati na mbao zilizobaki. Mwite mwenyekiti wa mtaa aje na majirani wawili, mwandike mlichokiona, wote wasaini. Kisha tafuta mhandisi au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, aandike ripoti ya kazi iliyofanyika ina thamani gani na kuirekebisha kutagharimu kiasi gani. Ripoti hiyo ina gharama, ila ndiyo inayogeuza kilio kuwa hesabu. Ukimaliza, funika kuta, hamisha saruji isilowe, na tunza risiti. Sheria hiyohiyo ya mikataba, katika kukadiria fidia, inaangalia pia njia ulizokuwa nazo za kupunguza hasara, kwa hiyo kuliacha boma liporomoke ili upate fidia kubwa kutakuumiza mwenyewe.

"Nenda polisi, wakimweka ndani atalipa." Hapa kuna ukweli nusu. Kama alikudanganya tangu mwanzo, mathalani alijiita mkandarasi aliyesajiliwa na siye, au alichukua hela ya mabati kwa risiti ya kughushi, hilo ni kosa la jinai. Kujipatia mali kwa udanganyifu kunaangukia kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka saba, na mahakama ikimtia hatiani inaweza kuamuru akufidie. Kafungue jalada. Lakini kama alianza kazi kweli kisha akaiharibu au akaitelekeza, mara nyingi hilo ni shauri la madai, la kudai haki yako mahakamani, si la jinai, na askari si mkusanya madeni.

Shauri la madai halihitaji utajiri. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na wakili si lazima. Fundi akihamia Makambako au Tunduma, bado unaweza kufungua shauri mahali kazi ilipofanyika. Muda wa dai la mkataba ni miaka sita. Usiuchezee, mashahidi huhama na vibarua husahau.

Kuhusu Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya: wengi huenda wakitarajia kurudishiwa hela, wakitoka wanasema haina maana. Ina maana sana. Inaweza kumchukulia hatua mkandarasi aliyesajiliwa hadi kumfutia usajili, na kufanya ukandarasi bila usajili ni kosa kwa sheria ya 1997 iliyoiunda. Peleka malalamiko kwa maandishi. Hela yako idai mahakamani.

Na wale wanaosema ushike mashine yake ya zege mpaka alipe, tafadhali wasikilize kwa sikio moja tu. Fundi wa dada aliacha ngazi na mbao za jukwaa. Shemeji alitaka kuziuza, tukamzuia, kwa sababu angejikuta yeye ndiye mshtakiwa. Tuliziorodhesha mbele ya mwenyekiti, tukazihifadhi.

Jambo moja ambalo hakuna jirani aliyelitaja ni kukazia hukumu. Ukishinda, mahakama haikupi hela mkononi siku ileile. Asipolipa kwa hiari unarudi kuomba mali yake ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama, na wewe ndiye unayepaswa kuonyesha mali hiyo ilipo. Dada aliposhinda hakujua. Ilibidi tuanze kuulizia upya fundi anaishi wapi, pikipiki ni yake au ya kukodi, kiwanja kina jina la nani.