Je, Wajua Kwa Nini Serikali Huuza Mashirika Yake kwa Bei ya Chini?

Tarehe 3 Desemba 1984, hisa za British Telecom, shirika la simu la Uingereza, zilianza kuuzwa na kununuliwa katika soko la hisa la London. Serikali ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher ilikuwa imeuza asilimia 50.2 ya shirika hilo kwa pensi 130 kwa kila hisa, na kwa kuwa malipo yaligawanywa kwa awamu, mnunuzi alianza kwa kutoa pensi 50 tu. Jioni ya siku hiyo, hisa iliyolipiwa pensi 50 ilikuwa imefika pensi 93. Aliyepata hisa 200 kwa pauni 100 angeweza kuziuza kwa pauni 186 kabla ya kulala. Waliopata hisa walizidi milioni 2, na wengi wao hawakuwahi kumiliki hisa ya kampuni yoyote.

Faida hiyo ilikuwa na mwenyewe. Hisa zilizouzwa zilikuwa takriban bilioni 3, kwa hiyo zile pensi 43 zilizoongezeka kwa kila hisa ni kama pauni bilioni 1.3 ambazo Hazina haikuzipata, katika mauzo ambayo jumla yake ilikuwa pauni bilioni 3.9. Inakuwaje muuzaji aliyezungukwa na mabenki na washauri akubali hasara ya namna hiyo?

Wengi hujibu kwamba serikali ilikosea hesabu, au kwamba kulikuwa na wizi. Majibu haya yanastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu kila moja lina chembe ya ukweli. Kukadiria thamani ya British Telecom kulikuwa kugumu kweli: hadi wakati huo hakuna toleo la hisa kubwa kama hilo lililowahi kufanywa popote duniani, na waliohusika walihofia kwamba soko lisingeweza kulimeza. Lakini kosa la hesabu husahihishwa likishaonekana, nalo lilionekana siku ya kwanza. Hata hivyo, British Gas ilipouzwa mwaka 1986, kisha British Airways na Rolls-Royce mwaka 1987, hisa ziliendelea kupanda bei mara tu zilipofika sokoni. Kosa linalorudiwa tena na tena ndani ya miaka mitatu na watu makini linahitaji maelezo mengine.

Jibu la wizi nalo lina mahali pake, ila si hapa. Bei ya chini inayonufaisha wachache ina sura tofauti, na mfano wake unaojulikana zaidi ni Urusi mwishoni mwa mwaka 1995. Huko serikali iliyoishiwa fedha ilikopa kwa kuweka rehani hisa za makampuni yake makubwa: asilimia 38 ya Norilsk Nickel, kampuni ya madini ya nikeli, kwa takriban dola milioni 170, na asilimia 45 ya Yukos, kampuni ya mafuta, kwa takriban dola milioni 159. Mikopo haikulipwa, na hisa zikabaki kwa wakopeshaji, baadhi yao wakiwa na uhusiano na benki zilezile zilizosimamia minada. Mpango wa aina hiyo huwafungia nje wanunuzi wengine. Uingereza ilifanya kinyume chake: ilitangaza hisa zake kwenye televisheni na magazeti, na maombi yalipozidi, wenye kuomba kidogo ndio waliopendelewa.

Dhana iliyo nyuma ya majibu yote mawili ni kwamba serikali inapouza shirika huwa katika hali ya mfanyabiashara anayetafuta bei ya juu kabisa. Hali yake ni tofauti. Mtu anapokuuzia shamba huku akibaki kuwa ndiye anayefungua na kufunga mfereji wa maji, utajiuliza kwanza atafanya nini mwakani, wewe ukishalipa na yeye akishazitumia fedha zako. Ahadi ya maneno haitakutosha. Lakini akiligawa shamba lake vipande vingi na kuwauzia majirani wote kwa bei nafuu, siku atakapotaka kuufunga mfereji atakuwa amejitafutia ugomvi na kijiji kizima, wakiwemo wale anaowahitaji wamchague kuwa kiongozi. Hapo ahadi yake inaanza kuaminika.

Serikali inayouza shirika la simu, gesi au umeme inabaki na mfereji huo: ndiyo itungayo sheria, ndiyo iwekayo ukomo wa bei kwa wateja, na inaweza hata kutaifisha upya. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Katika ilani yake ya mwaka 1983, chama cha upinzani cha Labour kiliahidi kuyarudisha mashirika yaliyouzwa katika umiliki wa umma, na kwamba fidia haitazidi kiasi kilichopatikana wakati wa kuuza. Mwekezaji aliyesoma mstari huo alielewa kwamba faida yake yote ya baadaye ingeweza kufutwa kwa uchaguzi mmoja.

Mwaka 1995 mwanauchumi Enrico Perotti alionyesha kwa hesabu kwamba serikali isiyo na nia ya kuingilia kati inaweza kuthibitisha hivyo kwa kuuza kidogo kidogo na kwa bei ya chini, kwa kuwa serikali yenye nia mbaya ingeona gharama hiyo ni kubwa mno. Mwaka 2002, pamoja na Bruno Biais, aliongeza hoja ya kisiasa: hisa za bei nafuu zikifika kwa wapiga kura wa kipato cha kati, hao nao wanapata sababu ya kuogopa chama kitakachozishusha thamani. Lakini watu hao wasipozishikilia hisa zao, hesabu hiyo inavunjika. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kifungu kinachofichua zaidi katika mauzo ya British Telecom ni kile kilichowaahidi wanahisa wadogo hisa 1 ya nyongeza kwa kila hisa 10 watakazozishikilia kwa miaka 3.

Ushahidi wa jumla hauna uzito uleule wa nadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliochunguza matoleo 630 ya hisa za serikali katika nchi 59, ulikuta wastani wa ongezeko la awali la bei ukiwa asilimia 34.1, lakini toleo la katikati, yaani lile ambalo nusu ya matoleo yalilizidi na nusu hayakulifikia, lilipanda kwa asilimia 12.4 tu. Mauzo machache yaliyopanda mno ndiyo yaliyouvuta wastani juu. Zaidi ya hayo, hisa za makampuni binafsi nazo kwa kawaida hupanda siku ya kwanza, kwa hiyo si kila ongezeko ni mkakati wa kisiasa. Pia ni vigumu kujua kama umiliki wa hisa ulibadilisha kura za Waingereza, kwa kuwa walionunua huenda walikwisha kuelekea upande wa serikali.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika kipindi hichohicho sehemu ya hisa zote za Uingereza iliyomilikiwa na watu binafsi ilishuka, kutoka takriban asilimia 28 mwaka 1981 hadi takriban asilimia 20 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingawa idadi ya wanahisa iliongezeka kwa mamilioni. Mifuko ya pensheni na makampuni ya bima ndiyo yaliyoshika sehemu kubwa ya utajiri huo. Kwa mwanasiasa hilo halikuharibu kitu, maana kura huhesabiwa kwa vichwa.

Msimamo wa Labour nao ulibadilika. Ilani ya mwaka 1987 ilizungumzia kuzigeuza hisa za British Telecom na British Gas kuwa dhamana maalumu ambazo zingeendelea kuuzika sokoni. Mwaka 1995, chini ya kiongozi wake Tony Blair, chama kiliondoa katika katiba yake kifungu cha umiliki wa umma wa njia za uzalishaji. Kiliposhinda uchaguzi wa 1997 hakikuyataifisha mashirika hayo, bali kiliyatoza kodi ya mara moja iliyoingiza pauni bilioni 5.2. Kodi hiyo ilikuwa asilimia 23 ya tofauti kati ya bei ambayo kila kampuni iliuzwa na thamani iliyokokotolewa kutokana na faida yake ya miaka ya mwanzo. Yaani bei ya chini yenyewe ndiyo iliyotozwa kodi, ila waliolipa ni makampuni, na hivyo wanahisa wa mwaka 1997, wakati wengi waliouza hisa zao siku za mwanzo walikwisha kuondoka na faida yao.