Je, wajua kwa nini muuaji wa siri kwenye stori yako haaminiki?

Sini yenyewe tunaijua wote. Dogo yatima kapelekwa mlimani, anachapwa fimbo, anaruka juu ya nguzo akiwa kafungwa macho, kurasa tatu mbele keshamshinda mwalimu. Halafu huyo steringi anaingia ikulu usiku kwa dirishani, kavaa nyeusi tupu, na msomaji anabaki kujiuliza walinzi wamelala wote au vipi.

Sasa waangalie waliofanya hiyo kazi kweli. Waismailia Wanizari wa Uajemi, tawi la Waislamu wa Kishia, chini ya Hassan-i Sabbah aliyeichukua ngome ya Alamut mwaka 1090, walikuwa wachache, wamezungukwa na dola ya Waseljuki, Waturuki waliotawala Uajemi enzi hizo, jeshi la kupambana nayo uwanjani hawana, basi wakawa wanalenga mkubwa mmoja mmoja. Aliyetumwa aliitwa fidai, mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa neno letu fidia, yaani mtu aliyejitoa mwenyewe. (Ndiyo, ni jamii ileile ambayo imamu wake leo ni Aga Khan, wengi huku tunawajua kwa hospitali na shule.) Zile stori za vijana kuleweshwa kwenye bustani ya warembo achana nazo, aliyezivumisha sana ni Marco Polo, yule msafiri wa Venice, na ngome ya Alamut ilisalimu amri kwa Wamongolia 1256, jamaa akiwa na miaka kama miwili, sasa aliona nini?

Mwaka 1092 waziri mkuu wa Waseljuki, Nizam al-Mulk, aliuawa na mtu aliyevaa kisufi, kamsogelea kama mwenye shida yake tu. Mwaka 1192 mjini Tyre, Lebanon ya leo, Conrad wa Montferrat, ndo kwanza kachaguliwa mfalme wa Jerusalem, alichomwa visu na watu wawili wa tawi lao la Syria waliojifanya watawa, na inasemekana walishakaa pale mjini miezi kadhaa mpaka wakazoeleka. Ukuta wala hawakuhitaji kuuruka, maana mlango walifunguliwa.

Kwa hiyo mimi ningeandika mafunzo ya kuzoeleka: lafudhi, sala za watu, namna ya kukaa kwenye mkeka wa mwenye nyumba. Tuseme mji wa adui wanakula kwa mkono wa kushoto. Dogo wako kalelewa kuona hiyo ni aibu, sasa siku arobaini anakula kushoto, mwanzoni wali unamwagika, mwisho hata hafikirii tena. Usiku wa mwisho mwalimu anaangusha bakuli mezani makusudi, dogo analidaka hewani, fasta kweli, wenzake wanashangilia. Kadaka kwa kulia. Mwalimu hasemi kitu, anamrudisha akaanze upya na wale walioingia juzi. Hapo msomaji keshaelewa huko mjini kosa kama hilo lingemfanya nini, na upanga haujachomolewa bado.

Kitu kingine ambacho waandishi wanakiruka ni kutoroka. Mafidai wengi hawakurudi. Huyo wa Nizam al-Mulk inasimuliwa alijaribu kukimbia, akajikwaa kwenye kamba ya hema, wakamuua palepale. Ningekuwa naandika mimi, dogo angemuuliza mwalimu siku moja mbona somo la kutoka hatujafundishwa, na mwalimu angeendelea kunoa kisu kana kwamba hajasikia.