Durban haikuporwa na Birmingham

Kila michezo ya Jumuiya ya Madola ikikaribia utasikia watu wanasema wazungu waliwapora Durban ya Afrika Kusini michezo ya 2022 wakaipeleka Birmingham, hata mimi niliamini hivyo miaka mingi tu. Lakini cheki tarehe. Durban walipewa Septemba 2015 pale Auckland wakiwa wamebaki peke yao, maana Edmonton ya Canada walishajitoa mapema mwaka huohuo, kwa hiyo hata kura ya ushindani haikuwepo. Halafu Machi 2017 wakanyang'anywa, na Birmingham wamekuja kupewa Desemba 2017, miezi tisa baadaye, tena ndani ya Uingereza ilibidi kwanza waishinde Liverpool.

Kilichowaangusha Durban ni pesa. Ukiomba michezo mikubwa hivi serikali ya nchi lazima iweke saini kwamba bajeti ikipelea itafidia yenyewe, na deadline zilipita dhamana kamili haijatoka, waziri wa michezo wa wakati huo Fikile Mbalula mwenyewe alisema wazi kama nchi haina pesa hizo basi haiwezekani. Inauma kweli, maana ingekuwa mara ya kwanza michezo hii kufanyika Afrika, na uwanja wa Moses Mabhida ulikuwa tayari upo.