Cherehani iliyoganda haijafa

Lamu, cherehani ya zamani ya Singer ikigoma kuzunguka, wengi husema chumvi ya bahari imeshaila, basi iuzwe kama chuma chakavu. Mara nyingi sivyo. Kinachoigandisha ni mafuta yaliyokauka, hasa ya kupikia, ambayo hewani hugeuka gundi na hatimaye kuwa magumu kama vanishi.

Kwanza chungulia chini ya bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini: uzi mmoja ulionaswa hapo unatosha kuifunga mashine nzima. Kisha ng'oa sindano, utie matone ya mafuta ya taa katika kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Iache usiku kucha. Asubuhi tikisa gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, taratibu. Usilishike kwa koleo! Huenda ukarudia siku 3 au 4. Subira hapa ndiyo kazi yenyewe. Ikilegea, futa, kisha tia mafuta ya cherehani papo hapo, matone 2 kila tundu, kwani mafuta ya taa husafisha tu, hayalainishi.

Maua ya rangi ya dhahabu yanayopamba mashine usiyaguse kwa spiriti, yatabanduka.

Meza nayo haioshwi kwa maji. Ubao mwembamba wa juu umebandikwa kwa gundi ya wanyama, na unyevu huilegeza. Palipoinuka, penyeza gundi ya mbao kwa kisu chembamba, funika kwa nailoni, kandamiza kwa mzigo saa 24.