Ile Si Nongo: Maswali ya Wazazi Kuhusu Mtoto Mnene

Binti yangu ana miaka kumi, mnene. Nyuma ya shingo ana weusi kama uchafu. Nimemsugua kwa dodoki hadi akalia, hautoki. Ni nini?

Acha kumsugua, mama. Ile si nongo. Kwa mtoto mnene, weusi uliotuna kidogo, laini kama mahameli ukiugusa, ambao pengine uko na kwapani, mara nyingi unasema kwamba mwili wake unatengeneza insulini kupita kiasi. Insulini hutoka kwenye kongosho, na kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie kwenye seli. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, mlango huo unakuwa mgumu, na kongosho linajibu kwa kumwaga insulini zaidi. Ndiyo maana sukari inaweza kupimwa ikaonekana sawa kwa miaka, kumbe kongosho linahemea juu juu. Insulini hiyo ya ziada huchochea ngozi ikue na kuwa nyeusi, hivyo shingo huweza kutoa taarifa kabla ya maabara. Inasikitisha kwamba watoto wengi hufokewa kwa sababu yake, eti hawajui kuoga.

Si ni unene wa utoto tu? Kwetu mtoto bonge ndiye mwenye afya.

Mashavu ya mtoto wa miezi minane ni habari nyingine. Kwa huyu wa miaka kumi, chukua futikamba ya fundi cherehani, mpime kiuno kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi. Kikifika nusu ya urefu wake, mpeleke akachunguzwe. Mwenye urefu wa sentimita 140, kwa mfano, kiuno kisifike 70.

Kuhusu kusubiri akue: huko Bogalusa, mji mdogo wa Louisiana nchini Marekani, daktari Gerald Berenson alianza mwaka 1973 kufuatilia afya ya moyo ya watoto wa mji huo. Baadhi yao walipofariki wakiwa bado wadogo au vijana, wengi kwa ajali, miili ilichunguzwa. Mishipa ya moyo ilikuwa tayari na michirizi ya mafuta, na ilizidi kwa wale waliokuwa na uzito, presha na lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) vya juu.

Hospitali wampime nini?

Sukari kabla hajala asubuhi: chini ya 5.6 mmol/L ni kawaida, 5.6 hadi 6.9 ni ya kufuatiliwa, na 7.0 au zaidi, ikirudiwa na kuthibitika, ni kisukari. Kipo pia kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi. Kama mtoto ana selimundu mwambieni daktari, maana chembe nyekundu zake hazidumu na kipimo hicho kitadanganya.

Wazazi huulizia lehemu. Kwa watoto wanene, mara nyingi zinazopanda ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, huku HDL, ile lehemu nzuri, ikishuka. Kuanzia miaka 10, trigliseridi za 130 mg/dL ni nyingi, na HDL chini ya 40 ni ndogo. Ulizeni pia ALT, kimeng'enya kinachopanda damuni ini likiumia. Karatasi ya maabara huweza kutumia kikomo cha watu wazima, kumbe kwa watoto kinachopendekezwa ni karibu 22 kwa wasichana na 26 kwa wavulana. Ini lenye mafuta kwa kawaida haliumi, kwa hiyo msingoje alalamike.

Mtoto naye ana presha?

Anaweza kuwa nayo, ila kwanza utazameni mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba inapanda ya uongo. Atulie dakika tano kabla ya kupimwa. Kuanzia miaka 13, 130/80 ikijirudia siku tofauti ni presha ya juu. Chini ya umri huo daktari huangalia chati ya umri, jinsia na urefu.

Nimpunguzie chakula?

Usimshindishe njaa, bado anarefuka. Kwa wengi, uzito ukisimama huku kimo kikipanda ni hatua kubwa. Anza na vinywaji: soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, kama vijiko saba vya chai, na juisi ya boksi haiko mbali. Maji yawe ya nyumba nzima. Kumnyima yeye huku kaka zake wanashushia wali kwa soda ni adhabu tu. Acheze saa moja kila siku, iwe rede au kuruka kamba, na alale mapema.

Lini nisingoje miadi?

Akianza kukojoa sana, kiu isiyokatika, kukonda ghafla, kutapika au kuhema haraka, mpeleke siku hiyo hiyo.

Na weusi wa shingoni utatoka?

Insulini ikishuka hufifia, polepole, kwa miezi. Krimu za kung'arisha ngozi usimpake: nyingine zina zebaki, na shida yenyewe haiko kwenye ngozi.