"Si Paka Mnaye Tayari?"

Wiki hii nimeulizwa hivyo mara tatu, mimi mtengeneza katuni, na aliyenimaliza ni mzee wangu mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, mwenye duka la vifaa vya shule. Mwaka jana tulimtengenezea katuni ya dakika mbili: bibi na paka wake mwizi wa samaki. Watoto waliipenda kweli. Sasa anataka sehemu ya pili, kwa nusu bei. "Mwanangu, si paka mnaye tayari? Mpeni tu maneno mengine."

Shikamoo mzee. Paka ninaye. Kisa ndicho sina.

Bibi alipomkurupusha paka na mwiko mara ya kwanza, watu walicheka kwa sababu hawakutegemea. Sasa wanamjua. Akitoka tena na mwiko ule ule, watoto watatabasamu kwa adabu tu. Inabidi nimtafutie bibi shida mpya, lakini iwe shida inayomfaa yeye na si bibi mwingine yeyote. Hapo ndipo tunapokesha.

Angalieni The Incredibles ya 2004 na Incredibles 2 ya 2018, filamu za katuni za familia yenye nguvu za ajabu, zote za mwongozaji Brad Bird. Ya pili inaanzia pale pale ya kwanza ilipoishia, jitu la chini ya ardhi likiwa limeshachomoza. Lakini safari hii Helen, mama, ndiye anayetoka kwenda kupambana, na Bob, baba mwenye nguvu za kubeba gari, anabaki nyumbani na hesabu za shule za mwanawe Dash zinamtoa jasho. Watu ni wale wale, mizigo wamebadilishana, na kicheko kinatoka humo. Walipoteleza, kwa maoni yangu, ni kwa adui. Syndrome, adui wa filamu ya kwanza, alikuwa mtoto aliyempenda Bob akafukuzwa, kwa hiyo uadui ulizaliwa na kosa la Bob mwenyewe. Adui wa filamu ya pili nilimjua mapema mno.

Na hata huyo "paka mnaye tayari" si kweli sana. Kwa ile miaka 14 kati ya filamu hizo, programu za kompyuta za kutengenezea katuni zilibadilika mno, wahusika wakajengwa upya. Dash bado ana umri ule ule, ila Spencer Fox aliyempa sauti alikuwa ameshakua, akatafutwa mtoto mwingine, Huck Milner. Kwangu mimi, dakika mbili kwa picha 24 kila sekunde ni picha 2,880. Za mwaka jana haziingii humo, labda mzee akubali paka aibe samaki yule yule kwa mkono ule ule.

Maneno mengine ninayoambiwa kuhusu katuni nayapitia haraka, chai inapoa.

"Sehemu ya pili huwa mbovu siku zote." Katuni ya Toy Story 2 ya 1999 ilianza kama filamu ya kuuzwa kwenye kanda za video tu. Ikaonekana haitoshi, hadithi ikasukwa upya na kazi ikakimbizwa kwa miezi tisa hivi, hadi wafanyakazi wakaumia mikono. Wapo wengi wanaoiweka juu ya ile ya kwanza ya 1995, na mimi nimo.

"Iliyoingiza fedha nyingi ndiyo bora." Incredibles 2 ilivuka dola bilioni 1.2, karibu mara mbili ya ya kwanza. Tuzo ya Oscar ya katuni ilichukuliwa na ya kwanza.

"Katuni ni za watoto." Muulize baba yeyote aliyewahi kukalia hesabu za darasa la tano usiku kwa nini alicheka alipomwona Bob.

"Kompyuta inafanya yenyewe." Njoo ofisini saa nane usiku.

Kitu kimoja ambacho kompyuta hufanya yenyewe vizuri sana ni kufuta. Toy Story 2 hiyo hiyo ilifutwa sehemu kubwa kwa amri moja iliyoandikwa vibaya, na nakala za akiba zilikuwa hazifanyi kazi. Iliokolewa na Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na akifanyia kazi huko. Vijana wangu nawaambia kila siku: nakala mbili, na moja isilale nyumba moja na kompyuta. Paka wa mzee yupo Raskazone kwa dada yangu, ndani ya kabati la vyombo, chini ya sahani za Idi.